Barabara za kuzuia moto zilimwe sasa hivi, na wenye mashamba mlioko mjini mje na nyie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muiache kama ilivyo kwasababu muda tulionao ni mdogo. Huku kwetu Mufindi mvua zimekata, asubuhi ukungu na baridi ya kung'ata alafu mchana jua kali, nyasi za kando ya barabara zimeanza kubadilika rangi na kila mtu anayelima miti anajua hiyo maana yake nini. Ikifika mwezi wa nane na wa tisa upepo unaanza, na kuanzia hapo mpaka mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja hakuna anayelala usingizi wa kueleweka, unaamka usiku unatoka nje unachungulia kule mlimani kama kuna wekundu wowote.

Ninachotaka kusema ni hiki, kila mwaka habari ya moto kichaa tunaiongea ukiwa umeshawaka. Oktoba ndio tunasikia redioni, Oktoba ndio viongozi wanafika na kutoa pole, Oktoba ndio grupu za wasap zinajaa video za moshi na watu wanaandika poleni sana ndugu zetu. Tunashukuru kwa pole. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya moto wa mipaina, yaani ile misindano ya mbao, mchana wa upepo atakwambia saa hiyo hakuna unachoweza kufanya zaidi ya kuokoa watu na kukimbia, kazi yenyewe ya kuuzima moto inafanyika sasa hivi mwezi wa tano, wa sita, wa saba, wakati nyasi bado hazijakauka vizuri na watu wamemaliza kuvuna mahindi. Na kazi hiyo haifanyiki, au inafanyika nusu nusu, na sababu kubwa mimi naiona kwa macho yangu na ndio maana nimeamua kuandika.

Kwa ambao hawapajui huku niwaeleze kidogo. Msitu wa serikali wa Sao Hill ulianza kwa majaribio mwaka 1939, upandaji mkubwa ukaja miaka ya sitini na sabini, leo ndio shamba kubwa la miti la serikali nchini. Sisi wanavijiji zamani tulikuwa vibarua wa kupanda na kupalilia miti ya wengine. Baadae tukaona bei ya mbao, tukaanza kupanda yetu, alafu ukaja ule mradi wa Panda Miti Kibiashara wa serikali yetu na ya Finland kuanzia 2014, watu wakapata elimu na mbegu bora, vikundi vikaundwa, na saizi ukipita Mufindi, Kilolo, Njombe mpaka Makete milima imefunikwa na mipaina na milingoti, yaani mikaratusi, ambayo mingi ni ya watu wadogo wadogo kama mimi, huyu ekari moja, yule mbili, mwingine nusu. Hiyo ndiyo ada ya chuo ya watoto wetu, ndiyo bati la nyumba, ndiyo matibabu ya uzeeni. Unasubiri miaka kumi, kumi na mitano, wenye subira zaidi ya hapo, na mchana mmoja tu unatosha kumaliza yote.

Alafu kuna jambo ambalo watu wengi wa mjini hawalijui. Zamani mlima wetu ulikuwa na nyasi, moto ukija ulikuwa unapita haraka, unaunguza majani, unafika mtoni au kwenye shamba lililolimwa unakufa. Sasa hivi mipaina imeungana kutoka kijiji hiki hadi kijiji kile, chini kumejaa majani makavu ya mipaina yaliyorundikana miaka na miaka, matawi ya chini hayajapruniwa, yaani hayajapogolewa, kwahiyo moto ukiingia unapanda kutoka kwenye nyasi hadi kwenye matawi hadi juu kabisa kwenye vichwa vya miti, na ukishafika huko juu ukipata upepo unarusha cheche ng'ambo ya barabara, ng'ambo ya bonde. Na miti mingine imepandwa mpaka ukutani kwa nyumba. Sio nyumba moja wala mbili.

Sasa barabara ya moto, yaani ule ukanda unaolimwa ukabaki hauna nyasi wala miti ili moto usivuke. Kampuni na serikali wenye mashamba makubwa wanalima barabara za kuzuia moto kila mwaka, wana greda, wana trekta, wana minara ya kuangalia moshi, wana vijana wa zamu. Mwenye ekari moja anafanyaje? Ekari moja ni kama mita sitini na kitu kwa sitini na kitu, ukiambiwa uache mita kumi kila upande bila mti unabaki na nusu ya shamba. Hakuna atakayekubali na mimi sitamlaumu. Ndio maana kila mtu amepanda mpaka kwenye mpaka, mti wangu na wa jirani matawi yanagusana. Dawa yake tunaijua na tulishafundishwa, ni kuweka mashamba ishirini au thelathini kuwa bloku moja na kulima barabara ya moto inayozunguka bloku zima, kila mwenye shamba anatoa kidogo na anachangia nguvu au hela. Hapo mita zinatosha, mzigo unakuwa mwepesi, na moto ukija una mahali pa kuusubiria.

Na hapo ndipo tunapokwama, kwasababu ndani ya hilo bloku wenye mashamba wengi hawapo. Wako Dar, wako Dodoma, Mbeya, Iringa mjini, Makambako. Walikuja miaka ile bei ya ardhi ilipokuwa chini, wakanunua, wakalipa vibarua wakapanda, wakapiga picha, wakaondoka. Sina ubaya nao, wamenunua kihalali na wameleta hela kijijini, wengine ni watoto wetu wenyewe. Lakini shamba halijapaliliwa toka lipandwe, nyasi zimefika kifuani, matawi makavu yanagusa chini, na ukitaka kumtafuta mwenyewe hujui uanzie wapi, ukiuliza unaambiwa ni la bosi mmoja yuko mjini, namba yake alikuwa nayo fulani na fulani amehama. Mnapanga siku ya kulima barabara ya moto wanakuja wenyeji, wengi wao wazee na kina mama, wanalima hadi wanafika kwenye shamba la asiyekuwepo, wanasimama. Hawana ruhusa ya kukata miti yake, hawana hela ya kumlimia. Wanaruka wanaendelea mbele. Basi hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi.

Nimeona moto ukiingia kwa mlango wa namna hiyo. Ulianzia bondeni mchana, watu wakapiga mayowe, mwenyekiti akagonga lile rimu la gari lililoning'inizwa pale ofisini, tukatoka na mapanga, mafyekeo, matawi mabichi ya kupigia na mabomba yetu ya kupulizia dawa za viazi tumejaza maji. Upande wa mashamba yaliyosafishwa tuliuweza, uko chini chini, unaupiga unazima, unasogea. Ukafika kwenye shamba ambalo halijaguswa miaka, ukabadilika palepale, sauti yake ilikuwa kubwa hatukusikiana tena, na joto lake huwezi kusogea hata hatua ishirini. Vijana walikuwa wamevaa jezi za mpira na kandambili, wale wenye akili ya haraka wakawarudisha. Tulichofanya ni kukimbilia nyumba za juu kutoa wazee na watoto, kuna bibi alibebwa mgongoni na mjukuu wake, ng'ombe wakafunguliwa waende wenyewe. Jirani yangu mmoja mama mjane aliyekuwa anasafisha shamba lake kila mwaka kwa mikono yake, lilikuwa nyuma ya lile pori, likaungua lote. Alikuwa amebakiza msimu mmoja auze. Yeye alifanya kila alichoambiwa na wataalamu afanye.

Wiki ileile wakaja wanunuzi. Mpaina ukiungua hausubiri, wadudu wanaingia, mbao inabadilika rangi inakuwa ya bluu, kwahiyo lazima upasue haraka ndani ya muda mfupi, na wote mlioungua mnataka kuuza siku hizohizo, mashine za dingidongi za kupasulia mbao ni hizohizo chache, barabara ni ileile mbovu. Bei inaanguka mpaka unaona bora uache, ila huwezi kuacha kwasababu unahitaji hata hela ya mbegu. Mlingoti angalau unachipua tena kwenye kisiki, mpaina hauchipui, unaanza upya na mche mdogo kama kidole. Na bima mi sijamuona jirani yangu hata mmoja aliyelipwa.

Sasa watu wakisikia hivi wanauliza nani aliwasha, akamatwe. Akamatwe ndiyo, kama kuna mtu kawasha kwa makusudi kwa sababu ya ugomvi wa mipaka au chuki na mwenye shamba, sheria ipo ifanye kazi. Ila tuseme ukweli, moto mwingi unatoka kwenye kazi za kawaida za watu wanaotafuta chakula. Mwezi wa saba wa nane watu wanaandaa vinyungu, vile vishamba vya kiangazi vya bondeni, wanafyeka wanakusanya takataka wanachoma, upepo unageuka. Mwingine anarina asali na kienge cha moto usiku. Mchungaji anachoma apate majani mapya ya ng'ombe. Wa mkaa ameacha tanuru ameenda kula. Wawindaji wa ndezi. Ukimwambia mtu wa kinyungu asichome kabisa unamwambia asilime maharage, na hatakusikia, atachoma jioni wakati hakuna anayemuona na hiyo ni mbaya zaidi. Mimi nilishauri kwenye mkutano wetu na naomba vijiji vingine wafikirie, wanaoandaa vinyungu wajiandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, wapangiwe siku, wachome mapema msimu wakati nyasi za juu bado mbichi, wachome asubuhi hakuna upepo na majirani wawe wamesimama pale na maji na matawi, na mtu asiondoke hadi majivu yamepoa. Haya hayahitaji mfadhili. Sheria ya Misitu namba 14 ya 2002 ina sehemu yake nzima ya kuzuia uchomaji wa mimea ovyo na kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zake chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982, zikipita halmashauri zinakuwa na nguvu kabisa. Shida ni kwamba zinaandikwa, zinapelekwa wilayani, zinakaa. Waheshimiwa madiwani naombeni sana, sheria ndogo ya moto ikija kwenye kikao chenu isisubiri kikao kijacho, kikao kijacho kitakuta pameshaungua.

Mambo haya sio ya Mufindi peke yake. Mnakumbuka Mlima Kilimanjaro Oktoba 2020, moto ulianza tarehe 11 pale Whona, njia ya kutoka Mandara kwenda Horombo, watu zaidi ya mia tano wakapanda kuuzima, askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji wa chini ya mlima, wanapiga kwa matawi kwenye baridi ya kule juu. Miaka miwili baadae Oktoba hiyohiyo 2022 ukawaka tena upande wa Karanga, watu wakapanda tena. Wale wanavijiji walipanda kwasababu maji ya mifongo yao, ile mifereji ya kumwagilia, na ya migomba yao yanatoka kwenye ule msitu, ukungu unanaswa na ile miti ya juu, ikiungua maji nayo yanapungua. Nawaheshimu sana. Ila kila nikiangalia zile picha za vijana wanaopigana na moto wakiwa na tawi mkononi, najiuliza kwanini mpaka leo mwananchi wa Tanzania anayezima moto ndiye mtu mwenye vifaa duni kuliko wote.

Kuna nchi mbili naomba nizitaje maana zimepita tunapopita. Ureno wana vijiji vya milimani vyenye mipaina na milingoti, mashamba madogo madogo ya kurithi, vijana wamehamia mjini, mashamba yamekuwa pori. Si ndio sisi hawa? Juni 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, na wengi wao walifia barabarani wakikimbia, barabara ina miti pande zote mbili moto ukawazunguka. Baada ya hapo serikali yao ikakaza sheria iliyokuwepo, mita 50 kuzunguka nyumba na mita 100 kuzunguka kijiji pasafishwe, na mwaka 2018 wakaanzisha mpango wa vijiji salama ambapo kila kijiji kina mtu wake wa kuwaongoza wenzake, panajulikana pa kukimbilia na watu wanafanya mazoezi ya kuhama. Sisi tunaweza kufanya hiyo kesho. Uwanja wa mpira wa shule ukifyekwa nyasi zikawa fupi kabisa, hapo ni mahali salama pa kukusanyika, kila mtu anapajua hata mtoto. Mabalozi wa nyumba kumi waandike majina ya wazee wasioweza kutembea, wagonjwa, kina mama waliojifungua karibuni, na kila jina liwe na kijana wake wa kumbeba na bodaboda wake. Bodaboda ndio wanajua njia zote huku. Na watu waambiwe njia gani wasipite, ile iliyobanwa na miti pande zote wasiiguse hata kama ndiyo fupi.

Nchi ya pili ni Afrika Kusini. Wana sheria ya moto ya mwaka 1998, mwenye ardhi yenye hatari ya moto lazima alime barabara ya moto kwenye mpaka wake, awe na vifaa, na kama yeye mwenyewe hayupo ahakikishe kuna mtu anayewajibika pale au karibu na pale atakayezima moto kwa niaba yake. Wenye ardhi wanaungana kwenye vyama vya kujikinga na moto, mkubwa na mdogo pamoja. Na kuanzia 2003 wana mpango wa serikali unaoajiri vijana wasio na kazi, wanawafundisha na kuwapa nguo na vifaa, msimu wa kawaida wanafyeka na kulima barabara za moto, msimu wa moto wanazima. Nikiwaona vijana wetu wamekaa kijiweni Mafinga wanasubiri kupakia mbao naona kazi hii ipo, ipo kila mwaka, ni ya miezi mitano au sita, na ingewalipa wao na kutuokoa sisi. Ushuru wa mazao ya misitu unakusanywa kila roli likipita kwenye geti. Naomba halmashauri zenye miti zitenge sehemu ya huo ushuru, iandikwe wazi kwenye bajeti kuwa hii ni ya moto, na itoke kabla ya Julai haijaisha. Hela ya moto ikitoka mwezi wa kumi na mbili wakati mvua inanyesha haina kazi.

Kwa kijiji kimoja vifaa sio vitu vya ajabu. Mabomba ya mgongoni ya lita kumi na sita au ishirini kama kumi hivi, yawekwe ofisi ya kijiji, yajaribiwe sio yakutwe yameziba siku ya moto. Mafyekeo, reki za chuma, majembe. Vipigio vya moto vya mpira, vile vya mti wenye kipande cha raba ya tairi au mkanda, fundi wa kijijini anatengeneza. Chensoo moja na mtu anayeijua. Ovaroli za pamba na buti, maana nguo za nailoni zinayeyuka zinagandia kwenye ngozi na tumeona vidonda vyake. Tochi za kichwani kwasababu usiku na alfajiri ndipo moto unapolala, upepo umetulia na umande upo, hapo ndipo mnapoweza kuushika, mchana saa saba ni kujitafutia kifo. Na mafunzo. Siku moja tu ya mtaalamu wa misitu kuwafundisha vijana kwamba usikae mbele ya moto unaopanda mlima kwasababu unakimbia kuliko wewe, ingia kwa pembeni au kwa nyuma kwenye sehemu iliyokwisha kuungua, jua pa kukimbilia kabla hujaanza, asiende mtu peke yake, na mkishauzima msiondoke maana visiki na mizizi inafuka siku kadhaa alafu kesho yake saa sita upepo unauamsha. Mara nyingi moto unaotuunguza vibaya ni ule wa jana tuliosema umeisha.

Jeshi la Zimamoto namba yao ni 114, wananchi tuijue na tupige mapema, ila tuwe wakweli kutoka mjini mpaka kijiji cha milimani kwa barabara zetu ni masaa, gari kubwa la maji haliwezi kupanda huko. Kwahiyo wazimaji wa kwanza ni sisi wenyewe, na wanaofuata ni majirani zetu wa mashamba makubwa. Kampuni na mashamba ya serikali nayo naomba nizungumze nao kwa heshima. Mnakuja kutusaidia mara nyingi, tunaona na tunashukuru. Ila utaratibu wa kusubiri moto ufike karibu na mpaka wenu ndipo gari litoke hauwasaidii hata nyie, moto wa shamba la mwanakijiji leo ni wa shamba lenu kesho. Greda lenu likiwa linalima barabara zenu mwezi huu, likaongeza siku moja kupitisha barabara kuzunguka bloku la kijiji kinachopakana na nyie, mmejilinda wenyewe na mmetulinda sisi. Na ile minara yenu ikiona moshi upande wa kijiji, mwenyekiti apigiwe simu hapohapo.

Nirudi kwenu ndugu zetu mlioko mjini maana hasa nyie ndio nawaandikia, na najua gazeti hili mnalisoma, wengine mtalisoma kwenye simu. Serikali ya kijiji inatakiwa kuwa na daftari la ardhi, nendeni mkahakikishe jina lenu na namba ya simu inayopatikana vimeandikwa pale, na kama mmebadilisha namba semeni. Chagueni mtu wa hapahapa kijijini, awe na barua yenu ya kumruhusu kukata miti ya mpakani barabara ya moto ikipita na kuamua jambo siku ya moto bila kuwasubiri nyie mshike simu. Palilieni, prunieni matawi ya chini, yale matawi yaliyokatwa yasiachwe chini ya miti, yasogezwe. Mchango wa kulima barabara ya moto ya bloku ukigawanywa kwa wenye mashamba wote kwa ekari sio hela ya kumshinda mtu aliyeweza kununua ardhi, na ukiupiga hesabu na thamani ya mipaina ya miaka kumi haufanani hata kidogo. Vijiji navyo viweke kwenye sheria ndogo kwamba asiyechangia na asiyepatikana, kijiji kilime kipande chake na gharama imsubiri siku anakuja kuvuna, kabla ya roli kutoka ailipe. Kuna watakaosema ni uonevu. Waje waangalie shamba la yule mama mjane alafu waseme tena.

Kikundi chetu tumepanga kuanza kulima wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, tunaanzia upande wa bondeni kwenye vinyungu ambako moto unatokea mara nyingi, tunapanda nao mpaka nyuma ya shule. Kuna mashamba kadhaa katikati ambayo wenyewe hatujawapata mpaka naandika hapa, na mtendaji amebandika orodha ya viwanja hivyo ukutani pale ofisini. Mhariri nakuomba kama nafasi ipo muweke na tangazo dogo kuwakumbusha wenye mashamba ya miti Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete wapige simu kwa watendaji wa vijiji vyao kabla ya mwezi wa sita kuisha, na kama mna mwandishi anaweza kufika huku aje sasa hivi tukiwa na majembe mkononi, tutampokea na tutamtembeza bloku zima.

Ni mimi,
Mkulima wa miti, Mufindi, Iringa